Ukuta wa Timazi

"Wewe Chokaa, hilo tofali limekukosea nini?" Mama Kishoka aliuliza bila kuinua macho. "Unalitwanga utadhani umelifumania na mkeo."

Fundi Chokaa alicheka mpaka akakohoa. Alikuwa mzee sasa, amebaki mifupa na utani, lakini jina lake lilikuwa la ujanani: siku hizo alikuwa akirudi nyumbani mweupe kuanzia nyusi mpaka kucha, na watoto wa mtaani wakimkimbia. Aliliweka tofali chini kwa upole wa kuigiza, akalipapasa.

"Samahani, mpenzi," aliliambia.

"Ndiyo hivyo. Ukingoni, taratibu. Linataka kubembelezwa, siyo kupigwa."

Walikuwa wamekaa chini ya turubai, nyuma ya wodi ya wazazi iliyokuwa ikifanyiwa ukarabati. Wodi yenyewe ilikuwa ya zamani mno, ya kuta nene na madirisha marefu, na hiyo ndiyo iliyokuwa ikirudishiwa sura yake. Nyuma yake palikuwa na vyumba vilivyoongezwa baadaye, na hivyo vilikuwa vikibomolewa. Lakini siyo kubomolewa kwa fujo, kwa tingatinga na vumbi. Hapana. Vilikuwa vikifumuliwa tofali moja moja, kama mtu anavyofumua sweta ili uzi utumike tena.

Msimamizi wa kazi ndiye aliyetaka iwe hivyo. Alikuwa binti mrefu mwenye kofia nyeupe na sauti ya chini, na siku ya kwanza aliwakusanya wote getini akawaambia kwamba pale kazini hakuna takataka, kuna vitu ambavyo bado havijapangiwa kazi. Watu walicheka pembeni. Baada ya wiki kadhaa hawakucheka tena, maana misumari iliyopinda ilikuwa ikinyooshwa juu ya jiwe na kurudi kwenye mbao, mbao zilikuwa zikipigwa randa, mabati yenye matundu yalikuwa yakigeuzwa uzio, na lori la kubeba uchafu lilikuwa likija getini, linageuza, linaondoka tupu.

Mama Kishoka aliajiriwa kusafisha matofali. Jina alilipata hapohapo, kwa sababu alikuja na kishoka chake mwenyewe, chenye mpini uliolainika kwa mkono wake, na akakataa katakata kupewa kingine. Alikuwa akikunja gunia mapajani, analaza tofali juu yake, anagonga ukingoni. Mchanga na saruji ya zamani vinamwagika. Anapitisha brashi ya waya, kisha anagonganisha tofali hilo na lenzake. Likilia, linakwenda kwenye rundo la mazima, la kujengea upya mlango mkuu. Likiguna, linakwenda kwenye rundo la kifusi. Hakuna aliyemshinda kwa wingi wala kwa usafi, na yeye alilijua hilo na hakuwa mnyenyekevu hata kidogo.

Lakini hakuja pale kwa ajili ya kusifiwa. Alikuja kwa ajili ya ukuta mmoja.

Vyumba vile vilijengwa na mafundi wanne, zamani, na kila fundi alipewa ukuta wake. Wa kwanza ulikuwa wa Chokaa. Wa mwisho kabisa, ule wa upande wa tangi la maji, ulikuwa wa marehemu mume wake. Yeye walimwita Timazi, kwa sababu kamba yake ya kupimia wima wa ukuta, yenye kipande cha risasi nchani, haikutoka mfukoni hata siku za mapumziko, na kwa sababu hata akitembea alikuwa ameninginia wima vilevile, hapindi huku wala kule. Kifua kilimbana ghafla, wiki mbili, akaenda. Aliacha mke, kamba ile, na binti aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kukaa.

Binti huyo sasa alikuwa mtu mzima, anaishi mbali, ana kazi yake. Baba hakumjua. Hapakuwa na picha. Ile moja iliyokuwapo ililoweshwa na mvua ikawa ukungu. Utotoni alikuwa akiuliza, "Baba alikuwaje?" na mama alijibu alivyojaliwa: mrefu, mkimya, anapenda chai ya moto. Mtoto alikuwa akisikiliza kama anayesimuliwa habari za jirani. Kisha akaacha kuuliza, na hilo lilimuuma mama kuliko maswali.

Ndiyo maana, siku chache tangu aanze kazi, Mama Kishoka alimfuata msimamizi na kumsimamisha njiani.

"Mwanangu, nina ombi."

"Sema, mama."

"Ukuta wa mwisho, niachieni mimi. Nisafishe peke yangu. Na matofali yake yakajenge mlango. Pale mbele, pale mtu akiingia anapaona."

Msimamizi alimtazama. "Ukuta ule una nini?"

"Una mume wangu," alisema, kisha akaona amemtisha binti wa watu. "Aliujenga. Simaanishi yumo ndani."

Binti alicheka kidogo, halafu hakucheka. Akasema sawa, matofali yakitoka mazima yatakwenda mlangoni, yeye mwenyewe ataagiza hivyo. Jioni ile Mama Kishoka alimpigia mwanawe simu. Alipiga kelele kama kawaida yake, utadhani umbali unahitaji msaada.

"Siku ya kufungua jengo uje! Nitakuonyesha kazi ya baba yako. Siyo maneno, mwanangu. Kitu cha kushika kwa mkono!"

"Kweli, mama?"

"Nimewahi kukudanganya?"

"Basi nitakuja," alisema binti, na sauti yake ilikuwa ndogo, ya yule mtoto wa zamani.

Kuta tatu za kwanza zilishuka bila shida. Ukuta wa Chokaa ulikuwa mwepesi kuliko zote. Fundi akiutikisa tu juu, matofali yalikuwa yakitoka yamekauka safi, mengine hata hayakuhitaji kishoka, unapangusa kwa kiganja. Msimamizi alifurahi sana. Chokaa hakufurahi. Alikuwa akipokea pongezi huku anatazama vidole vyake vya miguu, na Mama Kishoka, aliyemzoea kwa kujisifu, alishangaa.

Zamu ya ukuta wa mwisho ilipofika, Mama Kishoka alivaa khanga safi. Mtu huvaa khanga safi kwenda kwenye vumbi? Yeye alivaa. Alikaa chini ya ukuta na gunia lake limekunjwa mapajani, anangoja kupokea.

Fundi aliyekuwa juu ya ngazi aliugonga ukuta. Haukutikisika. Akaweka tindo kwenye kiungo, akapiga nyundo. Ncha ya tindo ilirudi. Akapiga kwa nguvu zaidi, na tofali likapasuka katikati, nusu ikadondoka na nusu ikabaki ukutani, imeng'ang'ania.

"Polepole, wewe!" Mama Kishoka alipaza sauti. "Umetumwa?"

"Napiga polepole, mama. Huu ukuta mbishi."

Tofali la pili likapasuka. La tatu likatoka vipande. Mama Kishoka alimfukuza fundi kwenye ngazi, akapanda mwenyewe, mwanamke wa umri ule, na kishoka chake. Alitafuta ukingo. Alibembeleza. Alipiga kando, chini, juu, akapiga kwa pembe ya kishoka kama anavyofanya kwa yale sugu. Saruji ilikuwa ngumu, ya kijivu kilichoiva, na tofali lilikuwa laini la kuchomwa. Kila alipopiga, lililovunjika lilikuwa ni tofali. Alishuka na kipande kimoja kikubwa, matofali manne yameshikana kuwa kitu kimoja. Akakiloweka kwenye pipa la maji mpaka kesho yake. Kesho yake alikitoa na kukigonga, na kila tofali likafa kivyake.

Msimamizi alikuja akachuchumaa karibu naye. Alishika kipande, akakigeuza, akakwaruza kwa funguo.

"Mama," alisema, "hii saruji ina nguvu kuliko tofali lenyewe. Haitaachia. Hata tukipiga mwaka mzima, tutapata vipande tu."

"Alikosea?"

"Hapana. Ukuta wenyewe ulikuwa mzuri kuliko zile nyingine tatu. Hakudhani kuna siku mtu atataka kuufumua."

"Basi yanayokwenda mlangoni ni ya nani?"

Binti wa watu hakujua aangalie wapi. "Yaliyotoka mazima, mama. Ya kuta nyingine. Haya yatavunjwa yawe kifusi, tuyatandaze chini ya sakafu ya ukumbi. Hayatatoka getini. Hilo nakuahidi."

Kifusi. Mama Kishoka alilirudia neno hilo kimoyomoyo mara nyingi siku ile. Alikuwa amelitamka maisha yake yote bila kuona ubaya wake.

Mchana, wenzao wakiwa wamekwenda kula, Chokaa alikuja akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alikaa muda mrefu bila utani, na kwa Chokaa hiyo ni dalili ya ugonjwa.

"Shemeji," alisema. Alikuwa akimwita hivyo tangu Timazi angali hai, maana walikuwa marafiki wa kushibana. "Nikuambie kitu, usinipige na hicho kishoka."

"Sema kwanza."

"Saruji tulikuwa tukigawiwa sawa. Kila fundi mifuko yake, kulingana na ukuta. Sasa sisi watatu…" alijikuna shingo. "Sisi tulikuwa tunapunguza. Nusu inaingia ukutani, nusu inakwenda nyumbani. Kwenye kikapu, kwenye kopo la chakula, mpaka kwenye soksi nimewahi kubeba. Tunajaza mchanga na chokaa kidogo, ukuta unasimama, nani atajua? Timazi hakuchukua hata kijiko. Yote aliyopewa aliitia."

Mama Kishoka alilaza kishoka mapajani.

"Ndiyo maana yangu yanatoka safi kama sahani," Chokaa aliendelea. "Leo yule binti ananipa mkono, ananiambia ukuta wako umetusaidia sana, mzee. Nilitaka ardhi ipasuke."

Lo! Kuna mambo mtu anayajua miaka yote bila kujua kwamba anayajua. Saruji ile Mama Kishoka aliifahamu vizuri. Aliifahamu kwenye jiko la mke wa Chokaa, jiko lililopigwa plasta laini, lisilopitisha upepo, ambako alikuwa akienda kuomba chumvi na kutoka na wivu. Jiko lake yeye lilikuwa la mabanzi na makopo yaliyonyooshwa. Upepo ukija, moto unalala, moshi unajaa, mtoto anakohoa mgongoni. Na mume wake ni fundi ujenzi! Watu walikuwa wakimuuliza wakicheka, na yeye alikuwa akirudi nyumbani na kicheko chao, anammwagia Timazi.

Jioni moja alimwambia, "Wenzako wana wake. Wewe una kamba." Timazi alikuwa akinywa chai. Akamwambia tena, kwa sababu lile la kwanza halikumtosha, "Mwanaume anayeshindwa kuiletea familia yake hata kopo moja la saruji si mwanaume." Timazi aliweka kikombe chini. Alisema tu, "Siyo yangu, mama nanii." Hakukasirika. Laiti angekasirika wakagombana, wakamalizana. Aliinuka akaenda nje kuziba tundu la jiko kwa kopo jingine.

"Mimi nilimtukana," alimwambia Chokaa.

"Najua. Aliniambia."

"Alikuambia?"

"Alisema, 'Mke wangu ana haki ya kukasirika.' Basi. Unamjua, hana maneno."

Hapo ndipo Mama Kishoka alipolia, mdomo wazi, bila kuficha uso, kishoka kimelala mapajani juu ya lile gunia tupu. Chokaa alitaka kumshika bega, akauona mkono wake mwenyewe, akaurudisha.

"Angeiba kidogo tu," mama alisema. "Kidogo tu, jamani, Chokaa. Mfuko mmoja. Mimi ningepata jiko langu, na leo mwanangu angempata baba yake."

Chokaa aliinuka, akairudisha ndoo mahali pake.

Ukuta uliporomoshwa kwa nyundo kubwa. Wanaume walitaka kuuvunja vipande wao wenyewe wamalize upesi, lakini Mama Kishoka alisimama mbele ya rundo akasema ni lake, alishaahidiwa, na atakayegusa watagombana mpaka kwa Mungu. Msimamizi alitikisa kichwa: mwacheni. Basi akavunja. Siku nzima, na iliyofuata, na nyingine baada yake, alikuwa akikaa pale na nyundo, akivunja kazi ya mume wake ifikie ukubwa wa ngumi, kama inavyotakiwa chini ya sakafu. Haikuwa kazi rahisi. Ukuta ule ulikuwa ukikataa hata ukiwa chini. Mara nyingine alikuwa akizungumza nao kwa hasira, "Na wewe ulegee kidogo, baba, kwani unamshindania nani?" na wapita njia walikuwa wakidhani amechanganyikiwa. Jioni alikuwa akienda nyumbani mikono imekufa ganzi.

Vipande vilibebwa kwa toroli mpaka kwenye ukumbi wa wodi, vikatandazwa, vikashindiliwa. Alisimama kuangalia mpaka zege likamwagwa juu na kusawazishwa. Baada ya hapo hapakuwa na kitu cha kuangalia.

Mlango mkuu aliujenga Chokaa. Msimamizi aliagiza mchanganyiko uwe laini, chokaa nyingi na saruji kidogo, ili watakaokuja miaka mingi ijayo nao waweze kufumua na kutumia tena. "Sasa wizi wetu umekuwa utaalamu," Chokaa alinong'ona, lakini hakucheka, na mtu yeyote aliyemfahamu alishangaa jinsi alivyojenga. Alikuwa akipima kila mstari mara mbili, mara tatu. Akiona umepinda unene wa ukucha, anabomoa na kuanza upya.

Siku moja kabla ya ufunguzi alimwambia Mama Kishoka, akiwa amempa mgongo, "Binti yako akija, mwambie ni ya baba yake. Mwambie tu. Nani atauliza?"

"Hata kaburini utaiba," alimjibu.

"Simuibii. Nampa."

"Toka hapa."

Binti alifika asubuhi, amevaa gauni la kutokea, amebeba mkoba mkubwa kama vile ile zawadi ya kushika kwa mkono angeondoka nayo. Palikuwa na watu wengi, wageni na wauguzi, wote wakisifu sakafu inayong'aa na madirisha. Alimkumbatia mama, akatazama huku na huku.

"Ni wapi, mama?"

Mama Kishoka alifungua mdomo. Tangu alfajiri alikuwa amejiandalia maneno ya kweli, na yalikuwa mafupi: hakuna, mwanangu, yalivunjika yote. Alimtazama yule mtoto aliyeacha kuuliza, na leo ameuliza tena. Karibu na nguzo alisimama Chokaa katika shati lililopigwa pasi, macho juu kwenye dari.

"Hapa," mama alisema. "Mlango wote huu."

Binti aliweka mkoba chini. Alinyoosha mkono, akausitisha, akagusa. Alipitisha kidole kwenye kiungo cha matofali, kutoka mwanzo mpaka mwisho, taratibu, na kurudi.

"Yamenyooka, mama."

"Ndiyo maana walimwita Timazi."

"Kumbe alikuwa na mkono mzuri hivi," alisema binti. Aliweka shavu lake kwenye matofali ya Chokaa na kufumba macho, na mabega yake yakaanza kutetemeka. "Baba," alisema, polepole, kama anayejaribu neno la lugha ngeni. "Baba."

Chokaa alitoka nje upesi.

Mama Kishoka alirudi nyuma hatua chache, mpaka katikati ya ukumbi. Aliinama kwa shida, magoti siku hizi hayakuwa yake, akavua kandambili mguu wa kulia, kisha wa kushoto, akazishika mkononi. Akasimama miguu mitupu juu ya sakafu.

"Mama, mbona umevua viatu?" binti aliuliza akifuta machozi. "Njoo huku. Njoo usimame na sisi, na baba."

"Nakuja," alisema. "Niache kidogo."

Lakini hakusogea. Sakafu ilikuwa ya baridi, tulivu, haina hata mtetemo, na wageni waliokuja kutazama jengo walikuwa wakipita kulia na kushoto kwake na viatu vyao.